Mshono wa sezarieni unatoa usaha: tumwage unga wa kapsuli, au tulipie kipimo cha labo?

«Jambo docta. Mdogo wangu ana miaka 24, tunakaa Kadutu, hapa Bukavu. Alikaa na uchungu siku mbili kwenye kituo cha afya, chupa ikapasuka, mtoto hakushuka, ndipo tukamkimbiza hospitali usiku wakamfanyia sezarieni. Mtoto ni mzima. Yeye alidungwa seftriaksoni siku tano, tukarudi nyumbani na vidonge vya amoksisilini. Siku ya tisa mshono ukavimba upande mmoja, ukawa mwekundu, na sasa unatoa usaha. Muuguzi wa mtaani alitoa nyuzi mbili, anafanya pansema, yaani anaosha na kufunga kidonda upya, kila baada ya siku mbili. Jirani anasema tufungue kapsuli za tetrasiklini tumwage unga kwenye kidonda, kitakauka. Daktari anataka usaha upelekwe labo, lakini kipimo ni ghali na majibu yanachukua siku tatu. Mama mkwe wake amemkataza mayai na maharagi, eti ndiyo yanaleta usaha. Na kuna jambo linaniuma: tuliambiwa aliyeshona alikuwa stajeri, mwanafunzi wa udaktari. Je, alimharibu mdogo wangu? Na ataweza kuzaa tena?»

Mama, pole sana, na umfikishie mdogo wako hongera ya mtoto. Kuna kitu hukuniandikia, nacho ndicho cha kwanza: je, ana homa? Tafuta kipimajoto, hata cha kuazima, umpime asubuhi na jioni. Kikionyesha 38 au zaidi, acha kusoma kwanza umpeleke hospitali leo hii. Kama hana homa, anakula, ananyonyesha na anatembea, basi mna nafasi ya kufanya mambo kwa utulivu, na mengi ya hayo yako mikononi mwenu.

Jibu fupi kuhusu jirani: msimwage unga. Najua ushauri huo, nausikia karibu kila wiki, na wanaoutoa si watu wabaya. Wameona kidonda kikikauka juu wakadhani kimepona. Shida ni kwamba usaha haukai juu.

Usaha ni chembe nyeupe za damu zilizokufa, bakteria waliokufa pamoja na walio hai, na nyama iliyooza, vyote vikielea katika maji mazito. Baada ya sezarieni hujikusanya kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, juu ya ule utando mgumu unaofunga tumbo. Ndani ya mfuko huo wa usaha hamna mishipa ya damu. Sasa antibiotiki, iwe ya kumeza au ya sindano, husafiri kwa damu. Ni kama barabara inapokatwa na maporomoko: malori yanaweza kujaa bidhaa, lakini sokoni Kadutu hakifiki kitu. Zaidi ya hapo, usaha una asidi na hauna oksijeni ya kutosha, na kuna dawa, jentamisini kwa mfano, ambazo hupoteza nguvu katika hali hiyo hata zikifika. Ndiyo maana wapasuaji walijua, karne nyingi kabla ya antibiotiki kugunduliwa, kwamba penye usaha hufunguliwa.

Muuguzi wenu basi alianza vizuri. Swali langu ni kama nyuzi mbili zinatosha. Mfuko wa usaha unaweza kuenea sentimita kadhaa kulia na kushoto chini ya ngozi ambayo kwa nje inaonekana nzuri. Mtu mwenye ujuzi na glavu safi anapaswa kuingiza kidole au kifaa, ajue mfuko unaishia wapi, afungue hadi mwisho wake, aoshe, na hasa ahakikishe kwamba ule utando mgumu wa tumbo bado umeshika. Hilo la mwisho si kazi ya kufanyia sebuleni. Hata kama mdogo wako hana homa, naomba aonwe hospitali kesho au kesho kutwa kwa ajili ya hilo tu. Na pansema ya kila baada ya siku mbili haitoshi wakati usaha bado unatoka. Ibadilishwe kila siku, na ikilowa kabla ya muda wake ibadilishwe tena.

Turudi kwenye unga wa kapsuli, maana nataka uweze kumjibu jirani bila kumkosea heshima. Kapsuli imetengenezwa ili iyeyuke tumboni. Ndani yake mna dawa na vijazio. Ukimwaga kwenye kidonda, kipande kimoja kinapata dawa nyingi kupita kiasi, kipande cha pili hakipati kitu, na unga unagandamana na usaha kuwa gamba gumu. Chini ya gamba usaha unaendelea. Bakteria waliopata dawa kidogo, isiyotosha kuwaua, ndio wanaojifunza kuizoea. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi hafifu alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Na mwisho, kidonda chenye unga wa dawa kikipimwa labo kinaweza kutoa jibu la uongo: hakuna bakteria walioota, kumbe wapo.

Sasa kipimo. Nitakuwa mkweli: si kila mshono wenye usaha unahitaji kupelekwa labo. Mgonjwa ambaye hajawahi kupewa antibiotiki, hana homa, wekundu haujaenea, mfuko ni mdogo: tunafungua, tunaosha, tunafuatilia, na mara nyingi hatumpi hata antibiotiki. Watu hushangaa, lakini kidonda kilichofunguliwa vizuri kwa mtu mwenye nguvu hupona bila hizo.

Kwa mdogo wako nadhani daktari ana sababu, na ningeomba hicho hicho. Angalia mfululizo wa mambo: seftriaksoni siku tano, halafu amoksisilini, na usaha umetoka huku dawa zikiendelea. Bakteria waliobaki hapo huenda ni wale wasioziogopa dawa hizo. Baada ya sezarieni iliyotanguliwa na uchungu mrefu tunakuta mara nyingi stafilokoki wa ngozini, au wale wa tumboni kama Escherichia coli na Klebsiella, na hao wa tumboni wapo ambao hutengeneza kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni yenyewe. Bila kipimo, mtanunua antibiotiki ya tatu kwa kubahatisha, pengine na ya nne. Jumlisha bei ya hizo mbili kwenye farmasi, uiweke kando ya bei ya labo. Mimi ningelipa labo.

Lakini kipimo kina faida iwapo tu usaha umechukuliwa vizuri, na hapa pesa nyingi hupotea bure. Kijiti kikipitishwa juu ya kidonda au kwenye pansema ya jana, huokota kila kidudu kinachoishi ngozini, na jibu linarudi na orodha ya bakteria watatu au wanne wasio na hatia. Kidonda kioshwe kwanza, kisha usaha uvutwe kwa sindano kutoka ndani ya mfuko, au kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kutoka chini. Ufike labo upesi, si baada ya kulala mkobani. Kama daktari anakusudia kubadilisha dawa, usaha uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa mpya. Na kwenye karatasi waandike dawa zote alizokwisha kutumia na siku ya operesheni.

Siku tatu hizo si uvivu wa watu wa labo. Siku ile ile wanaweza kupaka usaha kwenye kioo na kuupaka rangi kwa njia ambayo Hans Christian Gram aliibuni mwaka 1884. Ndani ya saa moja hivi wanajua kama vijidudu ni vya duara au vya fimbo, vya zambarau au vyekundu, na tayari hilo linamwelekeza daktari. Uliza jibu hilo la kwanza, usingoje lile la mwisho. Kisha usaha hupandwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuwekwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37, wanahitaji usiku mzima kuota. Kesho yake bakteria waliojitenga hupandwa tena pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayofaa huacha duara tupu kuzunguka karatasi yake. Isiyofaa, bakteria huota hadi ukingoni. Hakuna namna ya kuwalazimisha wakue haraka. Wakati huo wote mdogo wako hakai bila tiba, kwa sababu tiba kubwa, yaani kufungua na kuosha, inaendelea kila siku.

Labda unajiuliza: kama alidungwa dawa siku tano, mbona usaha ukaja? Watu wengi huamini, na wauguzi kadhaa pia, kwamba antibiotiki nyingi baada ya operesheni hulinda mshono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linasema kinyume: dawa ya kinga itolewe kabla ya kukata, ndani ya saa mbili kabla, ili iwe tayari imo ndani ya damu kisu kinapogusa ngozi, kuiendeleza baada ya operesheni kumalizika hakupunguzi usaha. Nisimhukumu daktari wenu hata hivyo. Chupa ilikuwa imepasuka muda mrefu, na kama kizazi chenyewe kilikuwa kimeshaingiwa na vijidudu, sindano zile zilikuwa matibabu, si kinga. Ni halali kumuuliza.

Na hapo ndipo ninapoliona chimbuko la usaha huu, zaidi ya kwa stajeri. Chupa ikishapasuka, njia kati ya uke na kizazi iko wazi. Kila saa inayopita, na kila mara mkono unapoingia kupima njia imefunguka kiasi gani, bakteria hupanda. Mtoto akitolewa kwa kupasua, maji yale ya chupa hupita juu ya kidonda kibichi. Ongeza uchovu wa siku mbili, pengine na upungufu wa damu. Sezarieni ya namna hiyo huota usaha mara nyingi zaidi kuliko ile iliyopangwa asubuhi kwa mama aliyepumzika. Shirika hilo hilo linasema kwamba barani Afrika hadi mwanamke 1 kati ya 5 wanaofanyiwa sezarieni hupata maambukizi ya kidonda. Mdogo wako hayuko peke yake, na sitaki aone haya.

Kuhusu huyo stajeri, sitakuficha. Hospitali zinazofundisha zipo ili kesho pawe na mtu wa kupasua. Bukavu ina vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari, na wanafunzi wao hujifunzia vitandani, hakuna pengine. Hospitali zisingefundisha, usiku ule mngempata nani? Uchunguzi mwingi wa Ulaya na Marekani umelinganisha operesheni za wanaojifunza chini ya mwalimu na za wakubwa wao. Za wanafunzi huchukua muda mrefu kidogo, lakini vifo haviongezeki. Huo muda mrefu nao si bure, kwa sababu kadiri tumbo linavyokaa wazi ndivyo hatari ya vijidudu inavyopanda. Neno linalobeba mzigo wote ni «chini ya mwalimu». Una haki ya kuuliza: alikuwepo daktari aliyefuzu ndani ya chumba? Wakikujibu ndiyo, sioni kosa kwa kijana aliyeshika sindano. Wakikujibu hapana, tatizo ni la hospitali, si la yule kijana, na linafaa kufikishwa kwa mganga mkuu kwa maneno ya upole na bila kuogopa.

Historia ina kisa kinachohusu wanafunzi na akina mama wanaojifungua moja kwa moja. Vienna, mwaka 1847, hospitali moja ilikuwa na wodi mbili za kuzalishia. Katika ile ya wanafunzi wa udaktari akina mama walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko katika ile ya wakunga. Daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kuwapima wajawazito. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini. Vifo, vilivyokuwa karibu 18 kwa kila akina mama 100 mwezi wa Aprili, vilishuka hadi karibu 2 baada ya miezi michache. Wanafunzi walikuwa wale wale, na ujuzi wao ule ule. Kilichobadilika ni mikono. Kwa hiyo ukirudi hospitali kwa pansema, usiangalie umri wa anayekuhudumia, angalia kama amenawa au amepaka alkoholi kabla ya kumgusa mgonjwa wako, na kama glavu ni mpya au ni zile alizotoka nazo kitanda cha jirani. Ukiona sivyo, sema: «Samahani docta, naomba unawe mikono kwanza.» Hakuna stajeri mwenye akili atakayekasirika. Na kisingizio cha «maji yamekatika» hakina nguvu, kwa kuwa dawa ya kupaka mikononi yenye alkoholi inaweza kutengenezwa na famasia ya hospitali yenyewe kwa fomula ambayo Shirika la Afya Duniani limeitoa bure.

Nyumbani fanyeni hivi. Anayebadilisha pansema anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Chemsheni lita moja ya maji na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kisifurike, mfunike yapoe humo humo. Maji hayo yatumike siku hiyo tu. Msitumie maji ya bomba wala ya ziwani bila kuyachemsha. Mwageni ya kutosha, kidonda kijioshe, msisugue. Ndani wekeni kompresi iliyoloweshwa na kukamuliwa, bila kuishindilia, juu yake kavu. Maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi), yale yanayotoa povu, na alkoholi kali ziacheni, huua pia nyama changa inayojaribu kuota. Asali? Ina uwezo wa kweli dhidi ya bakteria, na kuna asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Ya sokoni haijasafishwa, inaweza kubeba mbegu za vijidudu, na kwenye kidonda chenye mfuko singeitumia. Majani ya kusaga, majivu na samadi msithubutu; huko ndiko pepopunda inakotoka. Angalieni pia karatasi yake ya kliniki kama alichanjwa dhidi yake.

Mama mkwe aheshimiwe, lakini chakula arudishiwe. Mayai, maharagi, sambaza, nyama vikipatikana, sombe, lengalenga, mapapai: hivyo ndivyo vinavyojenga nyama mpya na damu. Mwanamke anayenyonyesha akiwa na kidonda wazi halafu ale bugali mtupu, kidonda kitasimama pale pale. Mwambieni mama mkwe kwamba daktari ndiye aliyeandika mayai, lawama nitaibeba mimi. Kunyonyesha kuendelee pia. Antibiotiki tunazotumia zaidi kwa hali hii, kama kloksasilini na jamii ya seftriaksoni, haziwazuii wazazi kunyonyesha. Amwambie daktari tu kwamba ananyonyesha kabla ya kuandikiwa.

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu. Akipata homa, mtu wa kwanza atasema malaria, na huenda kipimo cha damu kweli kikaonyesha vimelea. Mtibuni malaria, ndiyo, lakini matokeo hayo hayafuti kidonda. Nimeona wagonjwa wakimaliza dozi nzima ya malaria huku tumbo likioza chini ya pansema. Na mzazi mwenye homa anaweza pia kuwa na jipu la titi, maambukizi ya mkojo au ya kizazi. Apimwe vyote.

Ondokeni nyumbani mara moja, hata usiku, mkiona maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana. Ngozi ikigeuka zambarau au nyeusi, au ikibonyezwa inatoa mlio kama wa mchanga chini yake. Kidonda kikitoa maji ya rangi ya maji machafu ya vyombo yenye harufu. Damu ya uzazi ikinuka au ikimwagika. Tumbo likivimba, anatapika na hatoi hewa. Anapumua haraka au anachanganya maneno. Mguu mmoja ukivimba na kuuma. Na kama pansema italowa ghafla kwa maji mengi ya rangi ya waridi, yawezekana ule utando wa tumbo umeachia. Mlazeni chali, magoti yakunjwe, mfunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi mliyochemsha. Utumbo ukionekana msiurudishe kwa mkono. Asile wala asinywe hadi aonwe.

Mambo yakienda vizuri, baada ya siku chache usaha utapungua na chini patatokea nyama nyekundu yenye vipele vidogo vidogo, inayotoa damu kidogo ikiguswa. Hiyo ndiyo tunayoitafuta. Hapo daktari atawapa njia mbili: kuacha kidonda kijifunge chenyewe kutoka chini, kazi ya wiki kadhaa za pansema na kovu pana kidogo, au kukishona upya kikishakuwa safi, ambapo hufunga mapema lakini hugharimu na kinaweza kuota usaha tena kikifungwa kabla ya wakati. Kidonda kidogo ningekiacha. Kirefu, tena cha mama anayehitaji kurudi sokoni, ningekishona. Vitu vizito asibebe katika kipindi hiki, bidoni la maji likiwemo, na hili waambieni wote wa nyumbani.

Kuhusu kuzaa tena: ikiwa usaha ulikuwa juu ya utando wa tumbo tu, kizazi hakikuguswa na atazaa. Ikiwa kizazi nacho kiliambukizwa, bado wengi huzaa, ila kovu lake linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa hali zote mbili apumzike angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine, apewe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha, na mimba ijayo asikae kwenye kituo kisicho na chumba cha operesheni. Mwombeni daktari karatasi inayosema kizazi kilikatwa vipi na kwa nini, muitunze pamoja na kadi ya mtoto. Mkunga wa mimba ijayo ataiomba kabla ya kitu kingine chochote.